Kiti cha Heshima: Parkinson, Kukaa Kutwa na Akili katika Majengo ya Moshi

Ugonjwa wa Parkinson humpunguzia mtu mwendo muda mrefu kabla ya kumpunguzia nguvu. Misuli ipo na mifupa ipo, lakini amri ya kuanza tendo huchelewa kutoka ubongoni: mkono unaotaka kushika kikombe hungoja, mguu unaotaka kuvuka kizingiti hugoma. Chanzo ni kufa polepole kwa seli zinazotengeneza dopamini katika eneo dogo jeusi la shina la ubongo. Dalili zinapojitokeza nje, sehemu kubwa ya seli hizo huwa imekwisha kupotea. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro wengi huuita ugonjwa wa kutetemeka, ingawa wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa, na hata kwa wanaotetemeka, mkono unaocheza mapajani mara nyingi ndiyo shida ndogo kuliko zote walizonazo.

James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kutumia wagonjwa 6, ambao baadhi yao aliwaona barabarani tu, aliamini kwamba akili hubaki salama. Hapo alikosea, na kosa hilo liliishi muda mrefu katika mafundisho ya tiba. Huko Sydney, Australia, kundi la wagonjwa lilifuatiliwa kwa miaka 20. Kati ya waliokuwa bado hai mwishoni, asilimia 83 walikuwa na demensia. Kabla ya kufika huko mabadiliko huwa madogo, tena hayafanani na usahaulifu ambao watu wameuzoea kwa wazee. Mgonjwa anakumbuka harusi ya nusu karne iliyopita na nani alikosa kualikwa. Kinachomshinda ni kupanga mambo mawili yafuatane, kuliacha wazo moja ashike jingine, kukadiria kina cha ngazi. Ukimwuliza swali, jibu analo, ila linafika wakati mwulizaji amekwisha kugeukia mtu mwingine. Ndugu huona hali hiyo wakadhani ni kiburi, au uzee, au kwamba mzee hasikii vizuri.

Kilimanjaro ni miongoni mwa sehemu chache za Afrika ambako wagonjwa wa Parkinson wametafutwa nyumba kwa nyumba. Wilaya ya Hai, jirani na Moshi upande wa magharibi, ilikuwa na utaratibu wa kuhesabu watu na vifo tangu 1992. Juu ya msingi huo, Catherine Dotchin na Richard Walker, madaktari kutoka Uingereza, pamoja na wenzao wa Tanzania, waliwatafuta wagonjwa katika jamii ya watu wapatao 161,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitaja wagonjwa 33. Idadi ni ndogo, na sehemu ya sababu ni kwamba jamii yenyewe ni changa kwa umri. Linaloshtua zaidi ni kwamba zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini, wala kupewa dawa. Mwaka 2011 Gerry Mshana na wenzake walichapisha mahojiano na wagonjwa wa Hai, walezi wao, waganga wa jadi na wahudumu wa afya. Humo uzee unatajwa kuwa chanzo, na uchawi unatajwa pia, na inaonekana wazi kwamba ugonjwa unauvuruga uhusiano wa mtu na wenzake kama unavyouvuruga mwili wake.

Majengo, hata hivyo, si Hai. Kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha Machame au Masama huko Hai mgonjwa akitoka mlangoni anakutana na kazi: majani ya ng'ombe, migomba ya kupunguza, mfereji wa kuangalia, na mteremko ambao haumwachi mtu hata kwenda chooni bila kupanda na kushuka. Majengo ni kata ya mjini Moshi, tambarare, nyumba zimebanana, vyumba vingi ni vya kupanga na ua ni mmoja kwa familia kadhaa. Maji yako bombani, duka liko hatua chache, bodaboda inaita kabla haijaitwa. Mtu mwenye afya huyaona hayo kuwa raha. Kwa mgonjwa wa Parkinson ni mazingira yanayomruhusu apite siku nzima bila sababu moja ya kunyanyuka.

Mfano unaoongoza maelezo haya ni wa fundi cherehani wa Majengo, baba mkubwa wa mwandishi, aliyeshona barazani kwa miaka mingi kabla ya kuugua. Dalili zake za kwanza zilikuwa za kazini. Kutunga uzi kwenye sindano kulianza kumchukua dakika nzima. Mwandiko wake katika daftari la vipimo ulizidi kuwa mdogo, mpaka wateja wakalazimika kupimwa upya kwa kuwa hata yeye hakuweza kusoma alichoandika wiki iliyopita. Uso uliganda, sauti ikashuka, na wateja wakadhani amewakasirikia. Watoto walipoelezwa hospitalini kwamba ni Parkinson, walifanya ambacho watoto waliolelewa vizuri hufanya. "Baba, umetusomesha kwa hiyo cherehani, sasa tulia." Cherehani ikafunikwa kitambaa. Kochi likanunuliwa, likawekwa mbele ya televisheni. Chai ikawa inaletwa mkononi, maji ya kunawa yanaletwa alipo, na mjukuu anatumwa dukani kabla babu hajamaliza kusema anachotaka.

Hakuna aliyemdhulumu, na hilo ndilo linalofanya jambo lenyewe liwe gumu kulisema nyumbani kwa watu. Kwa desturi, kumwacha mzee ainuke wakati kijana amekaa ni utovu wa adabu. Mzee anayechukua mwenyewe kikombe chake mbele ya wageni huwaaibisha wakwe zake. Heshima ikikutana na ugonjwa unaopunguza hamu ya kuanza jambo, matokeo yake ni mtu anayekaa tangu asubuhi hadi usiku, akishukuru. Katika kipindi hicho fundi alianza kupotea katikati ya sentensi, akashindwa kuhesabu chenji, na siku moja akauliza kitambaa cha suruali huhitaji mita ngapi. Aliyeuliza ni mtu ambaye vipimo vya nusu ya mtaa vilikuwa kichwani mwake.

Itakuwa ni haraka kusema kochi ndilo lililofanya hivyo. Ugonjwa wenyewe hushusha akili, na ugonjwa huohuo humkalisha mtu. Vitu viwili vyaweza kutembea pamoja bila kimoja kukizaa kingine. Kutojali, yaani ile hali ya mtu kukosa msukumo bila huzuni yoyote, ni dalili ya Parkinson yenyewe na hutokana na upungufu uleule wa dopamini. Shinikizo la damu la wagonjwa wengi huporomoka wanaposimama, macho yakaingia giza, wakajifunza kwamba kukaa ni salama. Woga wa kuanguka huongezea. Kwa hiyo anayekaa sana mara nyingi ni yule ambaye ugonjwa umekwenda mbali, na utafiti unaolinganisha saa za kukaa na alama za mtihani wa akili hauwezi peke yake kutenganisha chanzo na matokeo.

Tena hesabu ya saa peke yake haisemi mengi. Nchini Sweden wazee wenye Parkinson ya kiwango cha chini na cha kati walipovalishwa vipimo vya mwendo, ilionekana wanakaa karibu saa 10 kwa siku. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, magharibi ya Moshi, watu ambao hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Nao walipumzika karibu saa 10 kwa siku. Tofauti ilikuwa katika namna ya kupumzika. Wahadzabe huchuchumaa na kupiga magoti sana, na misuli ya miguu inayomshikilia mtu aliyechuchumaa haijalala, wakati kiti chenye egemeo hubeba kila kitu. Miaka miwili baadaye Raichlen na wengine walichambua kumbukumbu za zaidi ya Waingereza 140,000 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Saa za kutazama televisheni ziliendana na ongezeko la demensia. Saa za kutumia kompyuta, ambazo nazo ni za kukaa, ziliendana na upungufu wake. Waliochunguzwa hawakuwa wagonjwa wa Parkinson, na uhusiano si uthibitisho. Hata hivyo matokeo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanaeleza kwa nini fundi aliyekaa barazani miaka yote hiyo hakuwa mtu wa kukaa. Cherehani yake ilikuwa ya miguu. Kila mshono ulitaka nyayo zisukume kwa mdundo, macho yafuate mstari, mikono iongoze kitambaa na kichwa kihesabu. Alipohamishiwa kwenye kochi, saa za kukaa pengine hazikuongezeka sana. Kilichoondoka ni kazi iliyokuwa ndani ya ule ukaaji.

Ushahidi unaowahusu wagonjwa wenyewe unaelekea upande huohuo. Watafiti wa Kyoto, Japani, mwaka 2022 walitumia kumbukumbu za wagonjwa 237 wa hatua za mwanzo waliofuatiliwa kwa takriban miaka 5. Waliodumu kufanya mazoezi ya wastani na ya nguvu walichelewa kupoteza uimara wa kusimama na kutembea. Waliodumu na kazi za kipato walichelewa kupoteza wepesi wa kufikiri. Waliodumu na kazi za nyumbani walichelewa kupoteza uwezo wa kujihudumia. Mpangilio huo unastahili kusomwa mara mbili na kila mwenye mzazi mgonjwa, kwa kuwa kazi za kipato na kazi za nyumbani ndizo zinazonyang'anywa kwanza kwa jina la huruma. Uholanzi nako, watafiti wa Nijmegen waliwapa wagonjwa baiskeli ya mazoezi ya nyumbani kwa miezi 6, na kundi jingine likapewa mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, kwa hiyo hoja ya kwamba walioendesha walikuwa wazima zaidi tangu mwanzo haina nguvu. Waendesha baiskeli walidhibiti dalili za mwendo vizuri zaidi. Katika sehemu yao waliopigwa picha za ubongo, kusinyaa kwa ubongo kulipungua kasi na uwezo wa kujizuia na kuamua uliongezeka.

Jinsi mwendo unavyosaidia akili bado haijafungwa yote, lakini njia kadhaa zinajulikana. Moyo ukienda mbio damu hufika ubongoni kwa wingi. Seli hutoa protini zinazolisha maungano yao. Usingizi wa mtu aliyechoka kihalali huwa mzito zaidi, na usingizi mbovu ni moja ya mizigo mikubwa ya Parkinson. Choo hupatikana, jambo linaloonekana dogo mpaka mtu akae siku kadhaa bila choo na akili ikaanza kuvurugika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa watu wazima, wakiwemo wenye maradhi sugu na ulemavu, na kwa wazee unaongeza mazoezi ya kulinda mizani ya mwili angalau siku 3 kwa wiki. Kwa wengi wa Majengo takwimu hizo hazina maana mpaka zigeuzwe kuwa safari: kwenda msikitini na kurudi, kwenda sokoni Mbuyuni na kurudi.

Fundi alikuwa Mwislamu, na kwake swala ilikuwa ndiyo ratiba ya mwisho iliyobaki. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina kusimama, kurukuu, kusujudu na kuinuka. Ugonjwa ulipozidi aliambiwa, kwa haki, kwamba sheria inamruhusu kusali kwenye kiti. Alikubali kiti kwa swala zote. Baadaye mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimshauri asali kwa kusimama asubuhi na adhuhuri, muda ambao dawa imeshika, na atumie kiti kwa swala za jioni, na kabla ya kuinuka kutoka kwenye sijda apumzike kidogo akiwa amekaa ili damu ipande kichwani. Imamu hakuona tatizo. Ushauri huo mdogo ulimrudishia kuinuka mara nyingi kwa siku bila mtu yeyote kuuita mazoezi. Wagonjwa wa Kikristo wana kusimama na kuketi kwa ibada, lakini ibada hiyo kwa wengi ni ya Jumapili, kwa hiyo haitoshi kuwa ratiba.

Cherehani nayo ilifunuliwa. Oda za wateja hazikurudi. Alipewa mashuka ya kupinda na viraka vya nguo za wajukuu, kazi ambazo mshono ukipinda hakuna anayedai. Miguu ilikumbuka mdundo haraka kuliko ilivyokumbuka kutembea, jambo lisilowashangaza wanaoujua ugonjwa huu, kwa sababu mdundo wa nje humsaidia mgonjwa kuanza tendo ambalo amri ya ndani imeshindwa kulianzisha. Kwa sababu hiyohiyo mistari iliyochorwa sakafuni kwa chaki ya fundi ilimvusha kwenye mlango wa chumbani, ambapo miguu yake ilikuwa na kawaida ya kunata. Jioni alikaa kwenye bao. Bao ni mchezo wa kukaa, lakini ni kukaa kunakohesabu: kete za kukumbuka, kete za kusambaza kwa vidole, mashimo ya kutazama mbele. Shida haikuwa uwezo wake. Wenzake walichoka kungoja. Wawili tu ndio waliovumilia. Wengine walicheza badala yake, wakimwonyesha kwa kidole pale ambapo angeweka mwenyewe kama angepewa nafasi.

Barabarani kulikuwa na kikwazo cha pekee, nacho ni salamu. Kutembea na kuongea kwa pamoja ni kazi mbili, na ubongo uliopungukiwa dopamini hauna akiba ya kuzigawa. Mji ambao kila mtoto anampa mzee shikamoo, na kila mzee mwenzake anataka habari za nyumbani, za watoto na za mguu, humweka mgonjwa katika mtihani kila hatua kumi. Fundi aliwahi kuanguka kwenye mtaro akijibu marahaba. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kusimama kwanza, kushika ukuta au fimbo, kisha kujibu, na kumaliza salamu kabla ya kunyanyua mguu. Majirani wakielezwa hufuata. Tatizo ni kwamba kuwaeleza kunamaanisha kuutaja ugonjwa hadharani, na familia nyingi hufika hapo kwa kuchelewa.

Kwa wale ambao akili imekwisha kushuka, Hai imetoa pia zana mbili za kufaa. Ya kwanza ni kipimo kifupi cha akili kilichotengenezwa kwa wazee ambao wengi hawakukaa shuleni. Badala ya kuchora kwa kalamu, mzee hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, na huulizwa mambo kama jina la kiongozi wa kijiji. Kwa mgonjwa wa Parkinson mpimaji anapaswa kumpa muda, la sivyo atakuwa anapima mikono. Ya pili ni vikao vya kuchangamsha akili katika vikundi vidogo, mara 14 ndani ya wiki 7, vilivyojaribiwa kwa wazee 34 wenye demensia, na alama zao za akili zikapanda. Mikutano ya namna hiyo ina faida isiyoandikwa kwenye alama: mtu hulazimika kuvaa, kutoka na kufika.

Yote haya hutegemea dawa kuwa imeshika. Levodopa ndiyo dawa kuu ya ugonjwa huu, nayo hunyang'anyana njia na protini tumboni. Ikimezwa pamoja na mtori wa nyama, maziwa au maharage, sehemu yake haifiki ubongoni kwa wakati. Inafaa imezwe takriban nusu saa kabla ya chakula, kwa saa zilezile kila siku, na matembezi yapangwe katika muda ambao inafanya kazi. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, na wapo wanaozitafuta kwa kuwa vidonge ni ghali na huadimika; lakini kiasi kilicho ndani ya kila mbegu hakilingani, na mgonjwa anayechanganya na vidonge bila daktari kujua anaweza kupata zaidi ya anachohitaji. Dawa ya kuangaliwa kwa jicho kali zaidi ni benzheksoli. Ni ya bei nafuu, hupunguza mtetemeko, na bado huandikiwa wazee. Huzuia kemikali ambayo ubongo unaitumia katika kukumbuka na kuwa makini, na kwa mtu aliyevuka miaka 70 inaweza peke yake kuleta mkanganyiko ambao familia itaulaumu ugonjwa au uzee.

Mkanganyiko unaokuja ghafla, ndani ya siku mbili au tatu, si mwenendo wa Parkinson. Mgonjwa aliyekuwa akicheza bao Jumatatu, kisha Alhamisi haijui nyumba yake, au anaona watoto wadogo wamejaa chumbani, apelekwe kituo cha afya kabla hajapelekwa popote pengine: apimwe malaria na mkojo, aulizwe kuhusu choo na maji anayokunywa, na vidonge vyote vilivyo kwenye mfuko wake vimwagwe mezani visomwe kimoja kimoja.